Udo Hayupo. Je, Hiyo Bado Ni Accept?

"Mwalimu, habari za Nakuru. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kondele, Kisumu. Hevi metali niliijua kwa kaseti za kaka yangu mkubwa, halafu nikapata fulana ya bendi ya Accept kwenye mitumba ya Kibuye, shilingi mia na hamsini tu. Majuzi nimeipata albamu yao ya 2010, Blood of the Nations. Anayeimba si Udo, mwimbaji wao wa zamani. Mimi imenishika, naiweka asubuhi nikianza kazi mpaka jioni. Kaka yangu anasema hiyo si Accept, ni watu wamekodi jina. Nani kati yetu ana haki? Na kwa nini bendi moja ikibadilisha mwimbaji inafufuka, nyingine inazikwa? Pia ile fulana imeanza kubanduka picha. Kama una ujuzi wa hilo, nisaidie."

Ndugu yangu, kaka yako usimcheke. Ana hoja, na nitaanza na hiyo hoja yake kabla sijaibomoa.

Mtu aliyeijua Accept kwa kaseti aliijua kwa koo la Udo Dirkschneider. Albamu yao ya 1982, Restless and Wild, inaanza na santuri kuukuu ya wimbo wa kienyeji wa Kijerumani, wa kuchangamsha, ule ambao babu na wajukuu wangeweza kuupigia makofi. Unaposikiliza unadhani umeuziwa kaseti ya mtu mwingine. Ghafla sindano inakwaruza, wimbo unakatika, na Udo anaachia ukelele mmoja ambao wewe unaujua kuliko mimi: grainda ikigusa bati. Ngoma zinaingia mbio na hakuna kupumua tena. Kijana akikutana na kitu hicho akiwa na miaka kumi na mitano, kinamkaa kama kovu. Sasa umletee mtu mwingine, umwambie huyu ndiye Accept, akubali mara moja? Ningemshangaa.

Ila nikuulize wewe uliyekulia Kisumu, mji ambao rumba na benga hazilali. OK Jazz, ile bendi ya Franco wa Kongo, aliimba nani? Utaanza kuhesabu vidole: Sam Mangwana, Josky, Dalienst, Madilu, na bado hujafika mkono wa pili. Waliingia na kushuka kama abiria wa Nyamasaria. Sijamsikia mzee hata mmoja aliyesimama katikati ya baa akasema hii si OK Jazz tena kwa sababu leo anaimba Madilu. Gitaa la Franco lilikuwa pale. Franco alipofariki Oktoba 1989, waimbaji wazuri alikuwa amewaacha tele, na hata hivyo miaka mitano haikupita kabla bendi haijavunjika. Waliobaki wakaenda kuanzisha yao, Bana OK.

Kwa Accept, Franco ni Wolf Hoffmann, mpiga gitaa. Bendi hii inatoka Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana duniani kwa kufua visu na mapanga, na mimi hupenda kudhani jambo hilo linasikika. Msikilize mkono wake wa kulia, usimsikilize wa kushoto. Ubavu wa kiganja umelazwa juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gitaa, ili kila pigo litoke limezibwa, fupi, kavu, kama nyundo ndogo juu ya fuawe. Halafu kiganja kinainuliwa kidogo, uzi mmoja unalia wazi, kisha kinashuka tena. Kipande hicho kifupi kinachorudiwarudiwa ndicho wapenzi wa metali hukiita rifu, na rifu ndiyo nyumba yenyewe. Mwimbaji ni anayefungua mlango. Alama nyingine ni kwaya: kwenye viitikio vya Accept wanaume huimba pamoja kwa sauti nzito, kama safu ya besi ya kanisani siku ya Pasaka. Ya tatu ni mapenzi ya Hoffmann kwa muziki wa kale wa Ulaya. Kwenye Metal Heart, 1985, alichomeka kipande cha Beethoven ndani ya solo, na hakikuonekana kiraka.

Sasa jambo ambalo kaka yako pengine halijui, au amelisahau. Accept walibadilisha mwimbaji mara mbili. Mara ya kwanza walianguka vibaya.

Udo aliondoka 1987. Wakamleta Mmarekani, David Reece, wakatoa Eat the Heat mwaka 1989. Itafute. Reece anaimba vizuri, tena vizuri sana. Ukitafuta noti aliyoikosa utatafuta mpaka usiku. Tatizo ni kwamba Hoffmann amekunja mkono. Rifu zimelainishwa, viitikio vimetiwa sukari, kila kitu kinanuka soko la Marekani la miaka ile, la nywele ndefu zilizopulizwa dawa. Ulifika mlangoni ukakuta mlinzi mpya, ukaingia ndani ukakuta hata viti vimehamishwa. Albamu haikufika mbali na bendi ikavunjika. Udo akarudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakatoa tatu pamoja, ya mwisho ikiwa Predator ya 1996, kisha kimya. Hoffmann akashika kamera akawa mpiga picha wa kulipwa. Ukiondoa maonyesho machache pamoja na Udo mwaka 2005, Accept ilikuwa imekwisha.

Mara ya pili ndiyo hii yako. Hoffmann na Peter Baltes, mpiga besi wa tangu zamani, walikuwa wakipiga tu kwa kujifurahisha huko Marekani, ndipo wakaelekezwa kwa Mark Tornillo, aliyewahi kuimbia bendi ya TT Quick ya New Jersey miaka ya 1980. Si kijana, ni mtu mzima mwenye koo lililokwisha kukwaruzwa na kazi. Wakamweka Mwingereza Andy Sneap kwenye mitambo, na naye ni mpiga gitaa wa metali kabla hajawa prodyuza. Ikatoka Blood of the Nations, miaka kumi na minne baada ya Predator. Tofauti na 1989, safari hii mlinzi ni mpya lakini viti viko pale pale.

Swali lako la pili ndilo linanihusu zaidi, kwa sababu nimelala nalo miaka mingi nikiwa nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti.

Niliwahi kuwa fundi wa sauti wa bendi moja ya hapa Nakuru, ya rumba na zilipendwa, jina nitaliacha. Mwimbaji wao alipata kazi Qatar. Wakamchukua kijana kutoka kwaya, baritoni, sauti tamu kama asali ya Baringo. Nyimbo zote zilikuwa zimewekwa juu kwa ajili ya yule aliyesafiri. Mazoezini nikawaambia, shusheni kidogo. Mpiga solo akagoma: akishusha, anapoteza nyuzi zake za wazi, na vidole vyake vimezoea mahali pale miaka kumi na mbili. Kiongozi akaunga mkono gitaa. Jumamosi ikafika. Saa tatu usiku kijana anatabasamu. Saa nne mshipa wa shingo umesimama kama waya wa stima, na kila kiitikio kikikaribia anarudi hatua moja nyuma ya maiki, kama mtu anayeogopa moto. Wimbo wa nane sauti ikapasuka. Mezani watu wakasema, huyu hawezi. Jumapili nikamkuta kanisani anaimba zile sehemu za chini mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Jumatatu bendi ikamwachisha.

Hakuna fundi cherehani wa Kenyatta Avenue anayemkatia mteja suti kwa vipimo vya marehemu halafu akamlaumu mteja kwa kuwa na mabega mapana. Kwenye muziki tunafanya hivyo kila siku.

Na kwenye metali ni vigumu zaidi. Rumba unaweza kuihamisha kwa kusogeza mkono au, kama bendi ina kinanda, kwa kubonyeza kitufe. Rifu ya metali mara nyingi imejengwa juu ya uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi, unaotetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Huo ndio sakafu. Ukitaka wimbo ushuke, lazima ulegeze nyuzi zote za magitaa yote na besi pia, na nyuzi zikilegea mkono wa kulia unahisi tofauti, pigo linakuwa na uvivu fulani. Kuna bendi nyingi kongwe zinazofanya hivyo kimyakimya kuwasitiri waimbaji waliozeeka, wala si aibu. Tena gitaa lililochafuliwa sauti kwa makusudi linajaza eneo lote la katikati, hapo hapo ambapo sauti ya mwanamume huishi. Ndiyo maana waimbaji wa metali ama hupanda juu ya gitaa, ama hujitia mikwaruzo ili wapenye. Baritoni safi akikaa katikati, gitaa linammeza kama kiboko wa Dunga anavyomeza gugu.

Ukishalijua hilo, historia yote inafunguka. Bendi ya Iron Maiden walipoachana na mwimbaji wao Bruce Dickinson wakamchukua Blaze Bayley mwaka 1994. Sauti yake iko chini ya ile ya Bruce kwa mbali, na kila usiku jukwaani alitakiwa apande ngazi aliyojengewa mwenzake. Watu wakamzomea yeye. Mimi nasema The X Factor ya 1995 imeonewa: ni albamu ya giza, ya taratibu, na pale nyimbo zinapokaa chini Blaze anaimba kama mtu anayesimulia msiba wake mwenyewe. Iliyofuata, Virtual XI ya 1998, siitetei. Bruce alirudi 1999, Brave New World ikatoka mwaka uliofuata, na kesi ikafungwa.

Judas Priest wao waliumia kwa upande wa pili. Mwimbaji wao Rob Halford alipoondoka, walimpata Tim Owens wa Ohio, kijana aliyekuwa akiimba nyimbo za Priest hizo hizo katika bendi ya kuwaiga. Koo alikuwa nalo. Zile za juu za Halford alizifikia. Ila Jugulator ya 1997 ilikuwa ikikimbiza sauti ya miaka ya 1990, nzito, iliyolegezwa nyuzi, na mikono ya magitaa ikapotea humo. Mwimbaji alifanana na wa zamani, bendi ndiyo haikufanana. Ukitaka ushahidi kwamba kupata koo linalolingana hakutoshi, ni huo.

Waliofanikiwa ni waliokata kitambaa upya. Black Sabbath walimwondoa Ozzy Osbourne 1979, wakamleta Ronnie James Dio, na Aprili 1980 ikatoka Heaven and Hell. Sikiliza Sabbath ya zamani: mara nyingi Ozzy anaifuata rifu, noti kwa noti, kama mtoto anayefuata nyayo za baba yake mchangani. Dio hafuati. Anaimba akiikata rifu kwa juu, hivyo mpiga gitaa Tony Iommi ikabidi amwachie nafasi, mahali pengine chodi moja tu inavutwa na kuachwa ilie. Mkono ule ule, ila umejifunza kungoja. (Iommi, kwa taarifa yako fundi, ni mtu wa kiwanda: akiwa na miaka 17 mashine ya kukata bati ilimkata ncha za vidole viwili huko Birmingham. Vaa glovu.)

Julai ya mwaka huo huo ikaja Back in Black. AC/DC wenyewe hujiita bendi ya roki na hawapendi neno metali, nawaheshimu, lakini mfano wao haukwepeki. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980. Kufikia majira ya joto walikuwa wamerekodi huko Nassau, Bahamas, na Brian Johnson, ambaye wakati ule alikuwa na biashara ya kuvisha magari mapaa ya vinaili kule Newcastle. Jua kali kama wewe. Aliyekaa kwenye mitambo ni Mutt Lange, mzaliwa wa Mufulira, Zambia, mji wa migodi ya shaba. Huwa nalitaja hili kila nikipata upenyo. Jalada jeusi tupu kwa ajili ya maombolezo, kengele mwanzoni, kisha nyimbo zilizoandikwa kwa koo la Johnson na maneno ya Johnson. Marekani peke yake imepita nakala milioni 25.

Na vijana wa leo wameona kitu hicho hicho kwa bendi ya Linkin Park mwaka 2024: baada ya kifo cha mwimbaji wao Chester Bennington hawakutafuta pacha wake, walimleta mwanamke, Emily Armstrong. Watakaogomba wagombe.

Sasa rudi kwa albamu yako. Chukua wimbo wa pili, Teutonic Terror. Mwendo si wa mbio, ni wa gwaride. Rifu inaingia peke yake kwanza, inajitambulisha, ngoma zinaikuta. Tornillo anapoanza beti hapigi kelele hata kidogo. Anakaa katikati, maneno unayasikia moja moja, na gitaa limezibwa hapo hapo ili limpishe. Kiitikio kikija, kwaya ya wanaume inachukua mzigo, yeye anapanda juu yao akiwa na mikwaruzo, kisha anashuka kupumzika. Wamempa pa kuvutia pumzi. Hicho ndicho kilichokushika wewe pale karakana bila kukijua, na ndicho kile kijana wetu wa kwaya alinyimwa. Ni kweli mikwaruzo ya Tornillo ina ukoo na ya Udo. Lakini Tornillo anaweza pia kuimba nyimbo za taratibu kwa sauti iliyo wazi, na Hoffmann akaandika kwa kulijua hilo.

Albamu haina kasoro? Inazo. Ni ndefu, zaidi ya saa nzima, na mimi ningeng'oa nyimbo tatu bila kuona haya. Kuanzia katikati kuna viitikio vinavyofanana kama matatu za stendi moja. Lakini mtu aliyekodi jina hupata mavuno ya msimu mmoja akaondoka. Hawa, wakiwa na Tornillo, wametoa nyingine 2012, 2014, 2017, 2021 na 2024, na ile ya 2014, Blind Rage, ilishika namba moja kwao Ujerumani, jambo ambalo hawakuwahi kulipata hata enzi za Udo.

Mahali ambapo kaka yako anaweza kunibana ni hapa: Baltes aliondoka 2018, na baadaye akaenda kupiga besi upande wa Udo, ambaye yuko hai, anaimba, na nyimbo za zamani anaziimba pia. Kwa hiyo leo wawili wa enzi ile wako nyumba moja, na jina liko nyumba nyingine kwa Hoffmann peke yake. Akikuuliza nani ana haki zaidi, mwambie jina liko kwa mkono wa kulia. Akisema hilo ni jibu la mpiga gitaa, atakuwa amenipatia. Nilianza na gitaa kabla ya mikisa.

Msimalize ubishi kwa simu. Spika ya simu haina besi, na bila besi Accept ni nzi kwenye chupa. Mfumo wa matatu nao unazidisha besi mpaka mkono wa kulia unafunikwa. Tafuteni hedifoni za kawaida zenye waya, mpokezane. Akija likizo, usianze na Blood of the Nations. Mwekee Restless and Wild kwanza, mwache afurahi. Halafu Eat the Heat, nyimbo tatu zinatosha, na usimwambie ni nini. Uso ukimkunjamana ndipo umwekee Teutonic Terror, na umwangalie mguu, usimwangalie mdomo.

Kuhusu fulana. Igeuze ndani nje, uifue kwa mkono kwa maji baridi, Jik isiiguse, ianike kivulini. Pale picha inapobanduka, tandika kitambaa cha pamba juu yake, upitishe pasi yenye moto mdogo kwa sekunde chache, uinue, uache ipoe kabla hujaigusa. Ikishika, usirudie mara kwa mara. Na karakana usiivae, omera. Nimeona cheche moja ikitoboa fulana ya mtu, na kile kitundu kilikuwa kimepita mpaka ngozini.